Jino Hili ni la Nani?

Levuka, 9 Januari 1984

Binamu Waisake, mwana wa shangazi, uliyekimbilia Auckland ili usikatwe nywele na mjomba,

Nakusalimu kwanza kabla ya kukutukana, maana mke wangu Unaisi ananisomea begani na anasema barua ianze kwa adabu. Haya, adabu imekwisha.

Sisi wazima. Levuka ni ileile uliyoiacha: barabara moja, bahari huku, mlima kule, na sisi tumebanwa katikati kama nguo iliyonaswa mlangoni. Waingereza walituhamishia mji mkuu wakaupeleka Suva eti hapa hapana nafasi, na mpaka leo, miaka mia na ushei, hakuna aliyerudi kutuomba radhi. Nimepata kazi ya kubadilisha mbao za baraza kwenye maduka ya zamani ya ufukweni. Nikibandua ubao mmoja, mitatu inaanguka kwa kumwonea mwenzao huruma. Kwangu mimi paa linavuja palepale unapopajua. Mganga hajigangi.

Sasa nisikilize. Mzee Taniela, baba yake mkeo Losalini, alianguka kabla ya Krismasi. Upande wa kushoto umelegea, mkono na mguu. Mdomo umepona nusu, na hiyo nusu inatutosha sote kwa matusi. Miaka tisa hajalitaja jina la bintiye. Lakini siku hizi, feri ikipiga honi, anageuza kichwa mlangoni. Akiona tumemwona, anajifanya anafukuza nzi.

Hapo, binamu, utani nauweka chini kidogo. Ulimtorosha binti wa watu ukapanda naye meli, na hukutuma mtu na jino la nyangumi kwenda kuketi mlangoni kwa baba yake na kuomba radhi. Kwetu mengi husamehewa: uvivu, ulevi, hata ile sauti yako ulipokuwa kwenye kwaya. Mlango wa mkwe uliyemruka haufunguki wenyewe. Unakumbuka alivyosema siku ile, mbele ya watu: "Sijapokea kitu, sijatoa mtu." Hasira ya miaka tisa hiyo. Akifa nayo, Losalini atamlilia baba yake akiwa jikoni kwa watu, ng'ambo.

Tuma jino, au njoo nalo. Mzee hana miaka mingi.

Binamu yako mzuri wa sura,
Isikeli


Auckland, 30 Januari 1984

Kwa Isikeli, seremala wa kubomoa,

Barua yako nimeipata, na mwandiko wako bado ni kama kaa kapita kwenye wino.

Umenichoma moyo, kaka. Kila neno la kweli. Losa naye alipoisikia habari ya baba yake hakula siku mbili. Hivi sasa yuko hapa jikoni, anapika, anakusalimu sana, na anauliza kama bado una ule uso wa kufukuzia kuku.

Mimi jino nitalitoa wapi huku? Huku dukani wanauza meno ya bandia tu. Watu wangu wa kisiwani Gau hawaniandikii. Lakini lipo lile la mjomba, baba yako, Mungu amweke pema, lile jekundu kwa kupakwa mafuta, sandukuni. Mimi ni mpwa wa nyumba hiyo, Isikeli. Cha mjomba ni changu, kuanzia kuku mpaka sufuria ya kumpikia. Hesabu kwamba nimeshalichukua. Lipeleke wewe, useme linatoka kwangu.

Fanya haraka. Mzee akishapokea niandikie kila neno alilotamka, neno kwa neno, na mwandiko uwe wa kusomeka safari hii. Losa anataka kusomewa.

Mpwa wa nyumba yenu, mnipende msinipende,
Waisake


Levuka, 20 Februari 1984

Binamu, mwizi wa kuku mwenye baraka,

Limepokelewa! Kaa chini kwanza, kama huko mna mahali pa kukaa bila kulipia.

Unaisi alitaka kuniharibia. Aliposoma barua yako aliniuliza, "Losalini ameanza lini kukutania wewe? Kwa ukoo yeye ni dada yako, na kwetu dada hamtanii kaka. Miaka yote alikuwa akikuona njiani anahamia upande wa pili wa barabara, na barabara yenyewe hii hii moja." Nikamwambia Auckland hubadilisha watu. Akasema, "Hubadilisha nywele. Haya mengine hayabadiliki." Nikamwacha na mbatata zake.

Nilitoa jino la baba sandukuni. Lilikuwa linamngoja mwanangu Jone apate akili ya kuoa, lakini kwa Jone naona hata nyangumi mwenyewe angezeeka. Nikafunga kikoi kizuri, nikapanda zile ngazi za mlimani mpaka kwa mzee. Nilifika nikihema hivi kwamba walidhani nimeleta habari ya msiba.

Walikuwa wamekaa: mzee kwenye godoro lake, mdogo wake Eparama, na watu wa ukoo. Nikaketi mlangoni kabisa, penye viatu. Nikainamisha kichwa. Nikasema: jino hili linatoka kwa Waisake, mwana wa Gau, mpwa wa nyumba yetu, aliyekosa, anayejua kwamba alikosa, na hana uso wa kuja. Halafu nikanyamaza nikilishika kwa mikono miwili. Hapo ndipo pagumu, binamu. Mtu anaweza kukuacha hivyo mpaka magoti yakaota mizizi. Saa ya kanisa chini ikagonga. Ikapita dakika, ikagonga tena, unavyoijua, mara ya kwanza kwa wenye haraka, mara ya pili kwa watu kama mimi. Mzee akanyoosha mkono wake mzima, akaligusa.

Neno kwa neno alisema hivi: "Nimepokea. Kosa limezikwa. Nimepokea, basi nimetoa. Losalini ni wa mume wake tangu leo, hana nyumba nyingine, na mtu wa ukoo wangu asimwite wala asimpokee bila mumewe."

Kisha akalia na nusu ya uso. Nami nikalia na uso mzima, kwa kumsaidia. Tukanywa yaqona, ile mizizi yetu ya kutwanga, mpaka ndimi zikafa ganzi.

Njooni wote Pasaka. Mleteni na huyo mtoto wenu Mere, babu yake hajamwona hata kwenye picha.

Isikeli, balozi


Auckland, 13 Februari 1984

Wifi yangu Unaisi,

Nakuandikia wewe kwa sababu mumeo kwangu ni kaka, na haya nitakayosema siwezi kuyaweka mbele yake. Ukiona inafaa, msomee. Pasipofaa uruke.

Nimeondoka kwa Waisake tangu Oktoba. Niko kwa mama mmoja Mtonga wa kanisani, mimi na Mere, chumba cha kufulia. Mashine ikizunguka Mere analala vizuri, anasema ni kama kuwa ndani ya meli. Sitakuandikia yote. Jua tu kwamba sina meno mawili ya mbele, na sikuanguka.

Sikuwaambia kwa sababu nilijitakia. Mtu aliyetoroka kwao hana wa kumlilia.

Sasa nasikia kwa Wafiji wa hapa kwamba anatafuta njia ya kupeleka jino kwa baba. Wifi, tafadhali, msikubali. Ile siku baba aliposema "sijapokea kitu, sijatoa mtu", kisiwa kizima kilisikia hasira. Mimi nilisikia mlango. Maana yake mimi bado wa kwake, nimepotea tu. Nimeishi juu ya neno hilo, hata pale nilipokuwa sina kingine cha kuishi juu yake. Nimepanga kuja Pasaka. Baba akishapokea, watakaonirudisha kwa Waisake hawatakuwa polisi wala nani, watakuwa baba zangu wenyewe, kwa heshima zote, na mikeka ya zawadi juu.

Usinijibu kwa anwani ya zamani.

Losalini


Levuka, 27 Februari 1984

Losalini mpenzi, wifi yangu,

Barua yako imeingia leo. Boti ya posta ilikuwa imekufa injini, ikakaa siku kumi ng'ambo wakati sisi huku tunasherehekea ujinga wetu.

Sina namna nzuri ya kulisema. Limeshapelekwa. Limeshapokelewa. Mpelekaji ni huyu mume wangu, na mwenye kumpigia pasi kikoi ni mimi. Nilikuwa na shaka, maana salamu alizosema Waisake umempa hazikuwa salamu zako. Nikalisema mara moja, nikarudi kwenye mbatata. Laiti ningelisema mara ya pili.

Nilimsomea, na kwenye meno sikuruka. Unamjua Isikeli, mtu wa kuchekesha hata mazishini. Alikaa kwenye ngazi ya nyuma na nyundo mapajani mpaka kuku wakapanda kulala. Nikamwuliza, "Utakula?" Akasema, "Kaniambia nimwandikie neno kwa neno. Nami nikaandika kwa mwandiko mzuri."

Nilikwenda mwenyewe kwa Mzee Eparama, kumpima kwa mbali. Nikasema, hivi jino likishapokelewa kwa makosa, inakuwaje? Akanitazama kama nimeuliza inakuwaje maiti akibadili mawazo. "Kilichozikwa hakifukuliwi," akasema. "Tutachekwa mpaka Moturiki."

Moturiki ndiko kwetu, wifi. Wacha wacheke. Kesho navuka kwenda kwa kaka zangu.

Usitoke hapo ulipo. Usimfungulie.

Unaisi


Auckland, 11 Machi 1984

Binamu Isikeli,

Wewe ni mtu na nusu. Barua yako niliibeba mfukoni kama cheti cha ubatizo.

Nikueleze kitu ambacho sikukieleza vizuri. Mimi na Losa tulikuwa tumepishana kidogo. Yuko kwa mwanamke mmoja Mtonga, mkorofi, mkubwa kama ghala la nazi. Nilikwenda nikasimama mlangoni nikasoma maneno ya mzee kwa sauti, yote, "hana nyumba nyingine", yote. Losa hakutoka. Yule Mtonga akanimwagia maji ya vyombo kutoka dirishani. Lakini najua alisikia, kwa sababu mtoto alinyamaza.

Sasa bado kitu kidogo tu. Mwambie mzee amwandikie kwa jina lake kwamba arudi kwangu. Si mimi ninayesema, ni desturi. Wewe mwenyewe ndiye uliyeketi mlangoni, wewe ndiye uliyetamka. Ungejua mapema ungekataa, ndiyo maana nikakuficha kidogo, na hapo nadhani hata wewe utacheka. Sinywi tena kama zamani. Mambo ya mume na mke yana moto wake, unajua, nawe uliwahi kuvunja kiti kwa hasira, nilikuwepo.

Nyumba hii ni kubwa sana kwa mtu mmoja, Isikeli. Nikirudi kazini naongea na birika.

Harakisha.
Waisake


Levuka, 2 Aprili 1984

Wifi Losalini,

Soma barua hii ukiwa umekaa, na Mere mapajani.

Kaka zangu wa Moturiki walinipa jino. Dogo, limeng'oka ncha, lakini ni jino. Kabla ya kunipa waliniuliza maswali mengi kuliko mahakama. Jana Isikeli akafunga tena kile kikoi, tukapanda ngazi. Safari hii nilikwenda naye, nikakaa nyuma na wanawake.

Akaketi palepale penye viatu. Walidhani amekuja kushukuru. Akasema, "Wazee, mara ile nilisema jino linatoka kwa Waisake. Halikutoka kwa Waisake. Nilitamka uongo katika nyumba hii, nikainamisha kichwa juu ya uongo. Nimekuja kuomba radhi." Wifi, nimeishi na mtu huyu miaka ishirini na sita, na sijawahi kumsikia akimaliza sentensi tatu bila mzaha. Jasho lilimtoka mpaka likadondokea jino.

Baba yako akauliza, "Jino hili ni la nani?"

"La kaka zake Unaisi."

"Na lile la kwanza?"

"La baba yangu, mzee."

"Waisake alilishika?"

"Hapana. Aliandika kwamba yeye ni mpwa, na cha mjomba ni chake."

Eparama akadakia, "Na ndivyo ilivyo! Mpwa ana haki. Jino lilikuwa lake, limepokelewa, limezikwa, basi. Mnataka tufukue?"

Baba yako akacheka na nusu ya mdomo. Akasema, "Mpwa huja, Eparama. Anaingia bila hodi, anachukua kwa mkono wake, mjomba ananuna, na watoto wanacheka. Hiyo ndiyo haki yake. Mpwa wa kwenye bahasha mimi sijapata kumwona."

"Lakini kaka, watu walikuona ukiligusa."

"Niligusa. Mmenizikisha jeneza bila kunionyesha aliyemo."

Nikaona Eparama bado anatikisa kichwa na wengine wawili wanatikisa naye, nikajua kwamba neno moja bado halijasemwa, na Isikeli hawezi kulisema, maana wewe ni dada yake. Nikalisema mimi kutoka huko nyuma, mbele ya wanaume, Mungu anisamehe. "Jino la pembe si dawa ya pengo, baba. Binti yako ana mapengo mawili, hapa mbele. Aliyemtia mapengo hayo ndiye huyu mnayemtetea jino lake."

Hakuna aliyetikisa kichwa tena. Eparama akatazama mkeka. Baba yako akafumba macho, nikaogopa nimemuua. Saa ya kanisa ikagonga. Kisha akamgeukia mume wangu.

"Isikeli. Waisake hajaniomba radhi. Aliyeniomba radhi ni wewe, mara mbili. Hii ya leo nimeielewa. Ile ya kwanza sijui ulikuwa umekosa nini, lakini nakujua tangu utotoni, hukukosa sababu." Watu wakacheka, na kwenye kicheko hicho akaligusa jino la kaka zangu. Lile jekundu akalisukuma kwa vidole, likateleza kwenye mkeka mpaka magotini kwa Isikeli. Saa ikagonga mara ya pili.

Akasema, na sasa hakuna aliyecheka: "Kwa Waisake sijapokea kitu. Sijatoa mtu."

Njoo, Losalini. Kitanda chako tumekitoa darini. Mguu mmoja ni mbovu, Isikeli anasema atautengeneza, kwa hiyo utengeneze mwenyewe ukifika.

Unaisi


Levuka, 25 Aprili 1984

Waisake,

Wamefika Jumamosi, kabla ya Pasaka. Honi ilipolia mzee aligeuza kichwa, na safari hii hakusingizia nzi. Alitaka kubebwa mpaka bandarini. Tukambeba, mimi na Jone, kwenye kiti nilichokitengeneza mwenyewe, na hakikuvunjika mpaka tulipofika.

Losalini alishuka na mtoto mkononi na begi moja. Alimwona baba yake. Alipiga magoti palepale gatini, kwenye maji ya samaki, watu wakawapisha. Yaliyosemwa sikuyasikia, nilikuwa nimewapa mgongo kwa adabu. Tulipoanza kurudi mjini, aliniona mbele yake, akavuka akahamia upande wa pili wa barabara, kichwa chini, kama zamani. Sijawahi kufurahi hivyo kukwepwa na mtu.

Mere ana mdomo wa babu yake. Ameniuliza kwa nini saa inagonga mara mbili, na kama ya kwanza haikuwa kweli.

Barua yako ya Machi ninayo. Umesema ni mimi niliyeketi na mimi niliyetamka, na ni kweli, ndiyo maana nilirudi. Umesema kuhusu kiti. Nilivunja kiti. Kiti hakikuwa na meno.

Jino la baba limerudi sandukuni. Usilihesabu. Siku utakayotaka kumwomba mzee radhi, au kumwomba Losalini, ambaye ndiye wa kuombwa, tafuta jino lako kwa jasho lako, upande meli, upande ngazi. Nafasi ya kukaa unaijua, mlangoni, penye viatu. Lakini usigeuke kunitafuta ubavuni. Mimi nitakuwa ndani, upande wa wenye nyumba, nimekaa pamoja na wanaoombwa, nikingoja kusikia utasema nini. Na mkono wa mzee ukichelewa, utangoja.

Unaisi ananisomea begani. Ananiuliza mbona safari hii hakuna tusi hata moja. Nimemwambia matusi ni ya watani.

Isikeli